Kipimo Nilichosema Nimekifanya

Ireri, rafiki yangu,

Jana nilikuwa kwenu. Nimemwambia mama yako kila kitu, na leo nimeamka viungo vinaniuma kana kwamba nililima. Niko Kanyakine, nyumbani kwa baba, kwenye meza ile ya jikoni uliyoketia siku ulipokuja kututembelea ukasema sisi watu wa Imenti hata kwenye chai tungeweka ndizi kama kuna mtu angeturuhusu. Baba ameenda kuchuma kahawa. Nyumba imetulia. Tangu ufe nimeianza barua hii mara nne, na kila mara nimefika kwenye jina lako nikafunga daftari. Sikujua mtu anamwandikia nini rafiki aliyemdanganya, naye akafa akiwa ameamini.

Wacha nianze na habari, kama barua zingine.

Dada yako Wawira amejifungua msichana. Ana paji la uso lako, lile pana, masikini mtoto. Mvua ya kwenu ilinyesha vizuri msimu huu na ndengu zimeiva. Kule maabara, pampu ile kubwa uliyokuwa ukiipiga teke ili iwake hatimaye ilikufa, wakaleta nyingine ambayo haina kelele, na mpaka leo mimi huingia chumba cha leza nikidhani mashine zote zimezimwa. Kwenye kiti chako anakaa mwanafunzi mpya. Anajua kazi. Hakuna aliyemwambia kiti kilikuwa cha nani, na mimi sikumwambia.

Na makala yetu imeondolewa, Ireri. Ile yenye jina lako mbele. Imeondolewa kwa sababu haikuwa kweli.

Najua hapo umesimama. Nitakueleza yote, lakini nitaenda polepole, sina nguvu ya kukimbia.

Unakumbuka ulivyoniita. Wewe ulitangulia ng'ambo mwaka mzima kabla yangu, mimi nikabaki chuoni nikisahihisha mitihani ya wengine. Siku moja ukapiga simu, hata salamu hukunipa: "Nkatha, kuja. Huku kuna mashine inapiga picha ya molekuli ikiwa bado imeshtuka." Nilikuuliza kama umelewa. Ukasema, "Kuja tu. Baridi ni mbaya, chakula ni kibaya, lakini mashine, wee!" Nikaja. Na ilikuwa kama ulivyosema, baridi, chakula, na mashine.

Baba yangu bado anasimulia ulivyomweleza kazi yetu hapa mezani. Alikuuliza, "Hasa nyinyi mnafanya nini huko?" Mimi ningesema fizikia, basi, nikanywa chai yangu. Wewe uliweka kikombe chini.

"Mzee, ni hivi. Gesi imejaa vitu vidogo, molekuli. Tunazipiga na mwanga wa buluu, mfupi kabisa. Zingine zinashtuka, zingine zinaachana, kama bibi na bwana waliochokana. Huko kuachana kunaisha haraka mpaka ukipepesa jicho zimeshaachana mara mabilioni. Sasa tunatuma mwanga wa pili, mwekundu, mkali. Huo unanyang'anya molekuli elektroni yake kidogo, halafu unairudisha kwa nguvu, pap! Ikigonga hivyo, molekuli inatoa mwanga mpya. Ni kama kwaya. Mmoja anaanzisha chini, wengine wanadakia juu, na wengine juu zaidi. Hizo sauti za juu tunaziita hamoniki. Ukizisikiliza vizuri, unajua molekuli ilikuwa katika hali gani wakati ule ule."

Baba akafikiri. "Na hizo sauti mnazisikia na masikio?"

"Hapana, mzee. Ni mwanga. Tunauona kwa kamera, ni mistari mistari."

"Na hiyo mistari inaliwa?"

Ulicheka mpaka ukamwaga chai. Ukamwambia bado haijaliwa, lakini mtu anayejua jinsi molekuli zinavyoachana atajua siku moja jinsi ya kuzifanya ziungane. Baba aliridhika. Akaniambia baadaye kwamba yule wa Mbeere anaongea kama mwalimu, na wewe, Nkatha, unaongea kama karani.

Ni kweli. Wewe ulikuwa na wazo, mimi nilikuwa na mikono. Tuligawana hivyo bila kusema. Wewe ulisema tujaribu nini, mimi nilinyoosha vioo mpaka nukta ya mwanga ikatulia pale ulipotaka.

Halafu ikaja gesi ya bromini. Majuma mawili hatukuona kitu, halafu tukaona kile ambacho hatukutarajia. Mwanga wa buluu ukitangulia, mistari ya hamoniki ingepaswa kuwaka zaidi, kwa maana molekuli iliyoshtuka ni rahisi kunyang'anywa elektroni. Badala yake ilififia. Mimi nilisema mashine imeharibika. Wewe ulikaa mbele ya kompyuta bila kupepesa, umejishika shingo. Halafu ukasema, taratibu, "Hazijanyamaza. Zinaimba kinyume. Zilizoshtuka zinaimba kinyume na zilizotulia, na zikikutana zinafutana. Nkatha, kufifia ndiyo habari yenyewe."

Sijawahi kusikia wazo zuri hivyo kutoka kwa mtu ambaye alikuwa na soksi mbili za rangi tofauti.

Lakini wewe mwenyewe ndiwe uliyeongeza, na hili nataka lijulikane, nimeliandika kila mahali nilipoweza kuliandika: "Tusijidanganye. Huenda mwanga wa buluu una nguvu kupita kiasi. Huenda unang'oa elektroni kabisa, zinajaa mle ndani zikivuruga kila kitu, na hapo gesi yoyote ingefifia. Tuweke argoni. Argoni haina kitu cha kushtuka kwa buluu hiyo. Ikififia na argoni pia, basi hatujaona kitu."

Ulisema hivyo umeshika begi. Ulikuwa unaenda nyumbani, ruracio ya Wawira, sherehe ya mahari, ilikuwa Jumamosi ya juma la pili. Mlangoni ukarudia, "Argoni, Nkatha. Kabla hatujatuma."

Nami nikasema, "Nenda salama, msalimie mama."

Kubadilisha gesi si kufungua mtungi mwingine tu, wewe unajua. Bromini inakula chuma. Lazima usafishe mabomba yote, upige pampu, usubiri, unyooshe vioo upya. Siku nzima, wakati mwingine mbili. Nilikuwa nimeshinda kwenye chumba kile kisicho na dirisha majuma mawili. Mgongo ulikuwa unaniuma, macho yalikuwa yamejaa mchanga. Juma lile nikapumzika. Jumatatu iliyofuata nikasema nitafanya Jumanne. Jumanne nikasema Jumatano asubuhi. Jumatano ukapiga simu.

"Argoni?"

Nilikuwa nimekaa jikoni kwa maabara, kikombe mkononi. Mtungi wa argoni ulikuwa kule chumba cha leza, kwenye kona, haujaguswa. Na nikasema, "Imefanyika. Imetulia kabisa, hakuna kufifia."

Ireri, nimetafuta sababu ya sentensi hiyo zaidi ya mwaka sasa. Sikutaka kukudhuru. Sikutaka sifa. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na hakika. Niliamini wazo lako kuliko ulivyoliamini wewe. Nilijiambia nitapima kesho, jibu nalijua tayari, kwa hivyo si uongo, ni ukweli uliotangulia kidogo. Unaona ninavyojua kupanga maneno, mimi ninayeongea kama karani.

Ulipiga kelele ya furaha. Halafu ukakohoa. Nikakuuliza una nini, ukasema, "Ni mafua tu niliyotoka nayo kwenye ndege, na hii joto ya huku nimeisahau." Sikuuliza tena. Ulisema unamtumia Profesa makala siku hiyo hiyo. Nikasema sawa.

Hayo ndiyo maneno ya mwisho tuliyoongea. Uongo wangu, kikohozi chako, na sawa.

Hayakuwa mafua. Ilikuwa malaria ya kwenu huko chini, na damu yako ilikuwa imekaa baridini miaka, imesahau kupigana nayo. Ulisherehekea ruracio ukitetemeka, Wawira ameniambia, ukicheza na koti mgongoni kwenye jua lile, watu wakidhani ni maringo ya ng'ambo. Walipokupeleka hospitali Embu ilikuwa imefika kichwani. Nilipata habari nikiwa nimesimama mbele ya kioo, na ndipo nikajua kwamba mtu anaweza kuendelea kukaza skrubu huku hasikii mikono yake.

Nilikuja kwa mazishi. Walisoma historia ya maisha yako, na pasta akafika kwenye makala. Aliitaja kwa shida, yale majina marefu, halafu akasema, "Kijana wetu ameacha ameona kitu ambacho Mungu alikificha ndani ya hewa." Watu wakapiga makofi. Mama yako akainua uso kwa mara ya kwanza siku hiyo. Na mimi nilikuwa mstari wa tatu, nimevaa kitambaa cheusi, na ndani ya kichwa changu kulikuwa na mtungi kwenye kona.

Ungedhani nilirudi nikapima. Sikupima. Nilirudi nikaogopa. Makala ikakubaliwa, ikachapishwa. Profesa akaweka alama ndogo ya msalaba kando ya jina lako, na chini akaandika kwamba imetolewa kwa kumbukumbu yako. Wawira aliichapa kwenye karatasi, akaitia ndani ya plastiki, wakaitundika ukutani sebuleni kwenu, kando ya picha yako ya mahafali.

Halafu zikaanza kuja barua. Kikundi kingine kilijaribu kurudia jaribio letu kikapata kitu tofauti. Kisha cha pili. Waliuliza kwa adabu mwanga wetu wa buluu ulikuwa na nguvu kiasi gani, na kama tulipima kwa gesi nyingine. Profesa akaitisha mkutano. Mtu mmoja, simtaji, hana ubaya, akasema, "Labda Ireri aliharakisha. Alikuwa anataka kusafiri."

Watu wakatikisa vichwa kwa huzuni. Na mimi nikaangalia kikombe changu.

Nilinyamaza majuma matatu. Hilo ndilo linalonichosha kuliko yote, hata kuliko ule uongo wa simu. Uongo wa simu ulikuwa wa sekunde moja, wa mtu mwenye usingizi. Lakini majuma matatu ni majuma matatu. Niliamka kila siku nikajua kosa linaenda kwako, nikaliacha liende, kwa sababu wewe hukuwa na mdomo wa kujitetea. Niliona jinsi ilivyo rahisi. Marehemu anabeba chochote, hakatai.

Siku moja asubuhi nilifika mapema, nikavaa glavu, nikaanza kusafisha mabomba. Hakuna kitu kilichonisukuma siku hiyo, hakuna ndoto, hakuna sauti. Nilichoka tu kuchoka namna ile. Ilinichukua mpaka kesho yake mchana. Nikafungua argoni. Nikawasha buluu kwa nguvu ile ile tuliyotumia, nikasogeza muda kati ya mianga miwili kidogo kidogo, nikaangalia mistari.

Ilififia, Ireri. Pale pale, vile vile. Argoni, ambayo haina kitu cha kushtuka.

Nilikaa pale, nikaweka mikono mapajani. Unajua nilifikiri nini kwanza? Nilifikiri, lazima nimpigie Ireri.

Nilienda kwa Profesa nikamwambia yote, kutoka mlangoni uliposhika begi mpaka ile argoni. Alinisikiliza bila kunikata. Mwishoni akasema, "Asante kwa kuniambia. Sasa tafadhali toka, leo siwezi kukuangalia." Nikatoka. Hakunifukuza, ingawa wengine walitaka. Alisema nitamaliza, lakini kila namba nitakayoiandika itawekwa sahihi na mtu wa pili. Mpaka leo ni hivyo. Yule mwanafunzi mpya wa kiti chako ndiye anayeweka sahihi. Anakuja, anaangalia, anaandika jina lake kando ya langu, haulizi kitu. Nimezoea. Ni haki.

Tangazo la kuiondoa makala niliandika mimi. Niliandika kwamba kipimo cha argoni hakikufanywa, kwamba Ireri alikiagiza, na kwamba mimi niliripoti kimefanyika wakati hakijafanyika. Profesa aliuliza kama nina hakika nataka iandikwe wazi hivyo, itanifuata maisha yote. Nikasema iandikwe.

Halafu tukaanza upya na buluu iliyopunguzwa. Hapa ndipo natamani ungekuwepo, kwa sababu sijui nisemeje. Kwa buluu dhaifu, argoni imetulia. Na bromini, siku zingine, inafifia. Kidogo sana. Kidogo mpaka ukipumua karibu na meza unadhani ni pumzi yako. Siku zingine hakuna. Mwanafunzi mpya anasema kipo. Profesa anasema tungoje. Mimi nikiulizwa, nasema sijui. Zamani neno hilo lilikuwa linanikwama kooni.

Lakini tangazo kule ng'ambo halikufika Mbeere. Kwenu karatasi ilikuwa bado ukutani. Wawira alikuwa akinitumia picha za mtoto, na nyuma ya mtoto naiona. Kwa hivyo likizo hii sikukaa hata siku mbili hapa kwa baba. Nilishuka.

Mama yako alikuwa uani, ndengu zimetandazwa juu ya turubai, anazipura na fimbo. Amekonda. Alinikumbatia, akanipa fimbo nyingine kabla hata ya maji ya kunywa, ndiyo maana mikono yangu leo iko hivi. Nafikiri aliona usoni kwamba nimekuja na neno, na akajua neno zito linatoka vizuri mikono ikiwa na kazi. Yeye alikuwa anaongea Kimbeere, mimi Kimeru changu, tunakutana katikati, na tuliposhindwa Wawira akaweka Kiswahili kutoka mlangoni, mtoto kifuani.

Nikasema, "Mama, ile kazi ya Ireri iliyosomwa siku ya mazishi haikuwa kweli."

Fimbo yake ikasimama. "Aliiba?"

"Hapana, mama. Hakuiba. Alikosea, na alikosea kwa sababu yangu."

Akanitazama. Nilikuwa nimejitayarisha kueleza mwanga na gesi, yakaniishia yote. Nikamwambia hivi: "Mbuzi akifa baada ya kula majani fulani, unaweza kusema ni majani yamemuua. Lakini ukitaka uhakika, unapeleka mbuzi mwingine mahali ambapo majani hayo hayako. Ireri aliniambia nipeleke huyo mbuzi wa pili. Nikamwambia nimempeleka, na ni mzima. Sikuwa nimempeleka."

"Na baadaye ulimpeleka?"

"Baadaye, ndiyo. Ireri akiwa ameshakufa."

"Akafanya nini?"

"Akafa, mama."

Alifikiri. "Kwa hivyo hayakuwa majani."

"Hayakuwa majani."

Akarudi kupura, mara tano, sita. Nami nikapura, sikujua lingine la kufanya. Halafu akauliza bila kunitazama, "Ulimwambia hivyo lini?"

"Jumatano. Alinipigia akiwa hapa nyumbani."

Mama yako aliweka fimbo chini, akakaa juu ya gunia. Alinyoosha kidole kwenye jiwe lile kando ya tangi la maji. "Alikuwa ameketi pale. Alicheka mpaka kuku wakakimbia. Nikamuuliza, unacheka nini na hiyo homa? Akaniambia, 'Mama, imekubali.'" Kisha akasema, "Hicho kicheko alikipata kwako."

Sikujua kama ananishukuru ama ananishtaki. Nafikiri hata yeye hakujua. Wawira alikuwa analia mlangoni polepole ili mtoto asiamke. Mimi sikulia. Nilitaka, lakini nilikuwa mkavu kama yale maganda.

Ndipo akainuka akaingia sebuleni, tukamfuata. Akasimama mbele ya ukuta. Hasomi, wewe unajua, lakini alikuwa anajua jina lako liko wapi kwenye karatasi ile, plastiki imepauka mahali pamoja kwa kuguswa na kidole. Akaing'oa kwenye msumari. Picha yako akaiacha. Akapangusa vumbi na kanga yake, akanipa.

"Hii sasa ni yako," akasema. "Ibebe wewe."

Nikaipokea kwa mikono miwili.

Nilidhani atanifukuza. Nilikuwa hata nimeanza kutafuta begi langu kwa macho. Akasema, "Unaenda wapi? Umechoka, hata uso umekwisha. Kaa ule." Tukala githeri, mahindi na ndengu mpya, sote watatu, bila maneno mengi. Hakusema amenisamehe. Sikumwomba aseme. Nilimwomba msamaha na akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea mzigo na kuuweka kando ili aje aufungue akipata nafasi.

Wakati wa kuondoka alinisindikiza mpaka kwenye miche ya muguka, ile miraa ya kwenu. Akanishika kiwiko. "Usirudi tena hapa na maneno ya pole," akaniambia. "Pole nimeshiba. Ukirudi, uniambie kile mwanangu alikuwa anatafuta kama kiko ama hakiko. Kama hakiko, uniambie hakiko. Nitakula chakula changu hivyo hivyo."

Hiyo ndiyo habari yote, Ireri. Sijui kama wafu wanahitaji kuambiwa, labda ulijua kabla yangu. Wakati mwingine nakasirika na wewe, nikuambie ukweli. Kwa nini uliniamini? Ungesema, "Nitumie picha ya kipimo," na ningeumbuka hapo hapo, na tungegombana, na ungekuwa na hasira na mimi badala ya kucheka na ile homa. Labda ungekaa kimya ukajisikiliza mwili. Labda. Naacha. Sitafika popote na labda.

Baba anarudi, nasikia anaweka debe chini. Ataniuliza kama nimekula, nami nitasema bado.

Kesho kutwa narudi kule. Nakuahidi mambo mawili, na nayaandika ili nisiyageuze. La kwanza: nitapima mpaka nijue, hata ikichukua miaka, na nitakachokiona, ama kutokiona, nitamletea mama yako kwa mdomo wangu mwenyewe. La pili: popote mtu atakapouliza ni nani aliyekosea, sitaangalia kikombe. Nitasema ni mimi, na nitasema wewe ulitaka tupime.

Pumzika sasa, mtu wa Mbeere. Huna deni la kazi yoyote huku, hii iliyobaki ni ya walio hai. Nimekukosa kwa namna ambayo sijapata neno lake, si kwa Kimeru, si kwa Kiswahili, si kwa lugha ile ya baridi. Wewe nilikuita rafiki, na nilikudanganya, na bado nakuita rafiki. Kama kuna njia ya kukataa jina hilo huko uliko, likatae, nitaelewa.

Usipolikataa, mimi nitaendelea kulitumia.

Nkatha